Mdudu Gani Huyo? Kutambua Viini na Minyoo katika Mimea, Mbwa na Watu

Tumbo likimsokota mtu bwenini usiku, wenzake watatu humpa majibu matatu. Wa kwanza atasema ni amiba. Wa pili ataapa kwamba ni taifodi, manake hata binamu yake alianza hivyo hivyo. Wa tatu atamwambia, "Wewe, hiyo ni minyoo tu, meza dawa ulale!" Kati ya hao watatu hakuna aliyeona kitu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mdudu anavyotambuliwa hasa, awe amemwingia mtu, mbwa au mche wa nyanya, na kwa nini dawa inayotolewa kabla ya kumjua mara nyingi humkosa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Chombo cha kukuzia vitu vidogo huitwa hadubini. Darubini ni ya kutazamia vilivyo mbali, kama nyota na meli, ingawa watu wengi huchanganya mawili haya na hata baadhi ya vitabu vyetu vimechanganya. Kiumbe anayeishi ndani au juu ya mwingine na kumnyonya ni kimelea. Minyoo ni vimelea, na amiba pia. Bakteria ni wadogo zaidi: wengi wana urefu wa mikromita 1 au 2, na mikromita 1000 ndizo milimita moja. Yai la mchango lina kama mikromita 60, hivi kwamba mayai 16 yakipangwa foleni yanakaribia kujaza milimita moja. (Mchango huu si ule wa harambee! Ni mnyoo mrefu wa mviringo, mweupe au wa rangi ya waridi, anayefanana kidogo na nyungunyungu.) Hadubini ya shuleni inayokuza mara 400 inatosha kabisa kwa mayai ya minyoo. Kwa bakteria utahitaji kukuza mara 1000, na hata hapo utaona vijiti na vidoa tu.

Tuanze na mimea, kwa sababu hapo hata hadubini huhitaji. Nyanya zimenyauka shambani. Majani yamelegea hali bado ni ya kijani, kama mboga iliyomwagiwa maji moto. Mwenye shamba hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu, anapuliza, anapuliza tena, na pesa zinakwisha. Hebu mshauri afanye hivi kwanza. Akate kipande cha shina karibu na mzizi, kama urefu wa kidole. Achukue gilasi ya maji safi, akishikilie kipande hicho ili sehemu iliyokatwa iingie majini, na asikitikise. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Zile nyuzi ni bakteria wenyewe kwa mamilioni, wanatoka katika mirija iliyokuwa ikipandisha maji. Mmea ulikuwa unakufa kwa kiu ilhali udongo umelowa. Dawa ya ukungu haiwezi kuwaua hawa. Mche hung'olewa na kuchomwa, na mahali hapo pasipandwe nyanya, viazi, pilipili wala biringanya kwa misimu kadhaa, manake bakteria hubaki udongoni.

Maji yasipotoa nyuzi, ng'oa mmea utazame mizizi. Ikiwa na vinundu vingi kama shanga, hao ni minyoo wa mizizi. Lakini kuwa mwangalifu! Maharagwe nayo yana vinundu, na vile ni rafiki, vina bakteria wanaotengeneza mbolea ya naitrojeni. Tofauti yake ni rahisi. Kinundu cha rafiki kimebandikwa kando ya mzizi, ukikisugua kwa kidole kinatoka, na ukikipasua ndani ni chekundu au cha waridi. Kinundu cha mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hutakitoa bila kuuvunja. Nimeona maharagwe yaking'olewa na kuchomwa kwa sababu ya vinundu ambavyo vilikuwa vinayalisha.

Sasa tuje kwa watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo tumboni. Minyoo hutambuliwa kwa kupima choo, na jambo hili watu hulionea haya bure. Mtaalamu wa maabara hamtafuti mnyoo mzima, anatafuta mayai yake. Mchango jike anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja, kwa hivyo hata chembe ndogo ya choo inatosha kumfichua. Yai lake ni la kahawia, na ganda lake lina mawimbi-mawimbi kama limepakwa matope. Yai la mnyoo wa mjeledi ni kama pipa lenye kizibo huku na kizibo kule. Ukiliona mara moja hutalisahau. Yai la safura ni jepesi, jeupe, ganda jembamba kama utando wa sabuni, na ndani mna seli chache zilizoanza kugawanyika. Neno safura lina asili ya Kiarabu na linahusiana na rangi ya manjano. Mnyoo huyu hunyonya damu, na mgonjwa hupauka. Mabuu yake hupenya ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo bila viatu.

Njia inayotumiwa sana katika uchunguzi wa shule nyingi ni ile ya Kato na Katz. Kato alikuwa Mjapani, na Katz na wenzake huko Brazili waliiboresha mwaka 1972. Choo huchujwa kwa wavu, kikajazwa katika tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa karatasi laini ya selofani iliyolowekwa katika gliserini. Gliserini huling'arisha choo, mayai yakabaki yanaonekana. Mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Ukihesabu 50, basi ni 1200. Lakini kuna mtego. Gliserini hiyo hiyo huling'arisha pia yai la safura mpaka linatoweka, kwa hivyo slaidi yapaswa kusomwa kati ya nusu saa na saa moja. Mpimaji akienda kunywa chai akakawia, ataandika "hakuna safura", na mtoto mwenye upungufu wa damu atarudishwa nyumbani na karatasi safi.

Kichocho nacho kina alama yake. Yai lake lina mwiba. Mwiba ukiwa ubavuni, ni kichocho cha matumbo, kinachopatikana Mwea na kandokando ya Ziwa Viktoria, na yai hutafutwa katika choo. Mwiba ukiwa mwishoni, ni kichocho cha kibofu, ambacho kimeenea Pwani, na yai hutafutwa katika mkojo. Mkojo huo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Tena mwiba huo huamua dawa, maana vidonge vya albendazoli ambavyo wanafunzi humeza shuleni kwa minyoo ya kawaida havitibu kichocho. Hicho kinataka prazikwanteli.

Haya, na ile amiba ya bwenini? Amiba mwenye madhara ana ndugu yake pacha asiye na madhara, na wakiwa katika hali ya kujifungia ndani ya ganda hata hadubini haiwatofautishi. Wote wana viini vinne vya seli. Ni mwaka 1993 ndipo wanasayansi walipowatenganisha rasmi kuwa spishi mbili. Amiba akionekana amemeza chembe nyekundu za damu, hapo mshuku yule mbaya. Bila hivyo kunahitajika kipimo kingine cha maabara. Taifodi ndiyo kabisa haitambuliwi kwa kutazama. Rangi za Gram, zilizobuniwa mwaka 1884, huwagawa bakteria katika makundi mawili, wa zambarau na wa waridi. Kiini cha taifodi ni kijiti cha waridi, na vivyo hivyo bakteria wengi wasio na hatia wanaoishi matumboni mwetu. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu ya mgonjwa maabarani kwa siku kadhaa. Kile kipimo cha haraka cha Widal, ambacho umri wake umepita miaka 100, kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au aliyepatwa na homa nyingine kabisa. Ndiyo maana watu "hupona taifodi" kila muhula!

Mwisho ni mbwa. Ukiona vitu kama punje za mchele zikitambaa karibu na mkia wake, ni vipande vya tegu anayeletwa na viroboto. Ondoa viroboto pia, la sivyo atarudi. Mayai ya minyoo mingine daktari wa mifugo huyaelesha. Choo hukorogwa katika maji yaliyojaa chumvi, mayai yakapanda juu kama vile yai la kuku linavyoelea katika maji ya chumvi, kisha yakanaswa kwa kioo. Mchango wa mbwa, ambao hata kitoto cha mbwa huweza kuzaliwa nao, ukimwingia mtoto wa mtu haukui. Mabuu yake hutangatanga mwilini na huweza kufika jichoni. Kupima choo cha mtoto huyo ni kazi bure, hayana yai hata moja humo. Hupimwa damu.

Lakini anayeongoza kwa kujificha ni tegu mdogo wa mbwa aliyewasumbua sana watu wa Turkana. Hafiki sentimita moja, na mayai yake chini ya hadubini hayatofautiki na ya tegu wengine wa mbwa. Mtu akiyameza, hupata uvimbe wa majimaji katika ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka. AMREF ilianzisha mradi wa kuudhibiti huko mwaka 1983, na mashine za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti zikapelekwa hadi vijijini, zikaonyesha uvimbe kwa watu waliokuwa hawajajua kwamba wanao.

Zoezi. Mezani pana slaidi tatu. Ya kwanza ni choo cha kijana wa mashamba ya mpunga ya Mwea: yai refu, mwiba ubavuni. Ya pili ni mkojo wa msichana wa Pwani anayelalamika kuona damu: ulichukuliwa saa moja asubuhi, na hakuna yai lililoonekana. Ya tatu ni choo cha mtoto aliyepauka, kilichotayarishwa kwa gliserini saa tatu zilizopita: yai moja la kahawia lenye mawimbi, basi. Taja kila unayemtambua, kisha useme ni slaidi zipi mbili ungetaka zirudiwe, na kwa nini.