Ndovu wa Vita katika Matini ya Polybius na Mipaka ya Uigizaji wa Historia

Katika vitabu vingi vya historia ya kale hudaiwa kwamba ndovu wa Afrika aliyepelekwa vitani alikuwa mdogo na mwoga akilinganishwa na ndovu wa Bara Hindi. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata likaonekana kuwa halihitaji kuhojiwa. Chimbuko lake kuu ni kifungu kifupi cha Polybius, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 KK. Makala haya yanakirejelea kifungu hicho kwa jicho la mhakiki wa matini, kisha yanauliza iwapo uigizaji wa matukio ya kihistoria, unaopendwa sana Ulaya, unaweza kukithibitisha au kukikanusha.

Vita vinavyohusika vilipiganwa mwaka wa 217 KK huko Raphia, karibu na Rafah ya leo, kusini mwa Gaza. Ptolemy IV wa Misri alikuja na ndovu 73, naye Antiochus III, mfalme wa dola ya Waseleuki, akaja na ndovu 102 kutoka Bara Hindi. Ndovu wa Ptolemy walikuwa Waafrika. Watangulizi wake walikuwa wamejenga vituo vya kuwindia kando ya Bahari ya Shamu, mashuhuri kati yavyo kikiwa Ptolemais Theron katika pwani ya Sudan ya leo, na wanyama hao walisafirishwa kwa merikebu hadi Misri.

Polybius anasimulia kwamba ndovu wachache wa Ptolemy walikabiliana na wenzao, pembe zikafumana, wakasukumana kwa nguvu zote hadi mmoja akageuzwa ubavu na kuchomwa. Wengi wao, hata hivyo, walikataa kupigana. Anatoa sababu tatu: hawakustahimili harufu ya ndovu wa Kihindi, hawakustahimili mlio wao, na tena waliogopa ukubwa na nguvu zao. Hapa ndipo msomaji anapaswa kusita. Sababu mbili za kwanza zinaelezwa kama mambo yanayojulikana. Ya tatu imeambatanishwa na tamko la tahadhari ambalo kwa Kiswahili lingefasiriwa "nadhani". Ni kweli kwamba Polybius anauchukulia ukubwa wa ndovu wa Kihindi kuwa jambo lililo wazi, lakini kwamba ukubwa huo ndio uliowatimua wale wa Afrika ni dhana yake mwenyewe. Fauka ya hayo, alizaliwa baada ya vita hivyo, hivyo hakuwa shahidi. Waliomnukuu baadaye walilichukua jambo lenyewe na kuliacha lile neno dogo njiani.

Katika karne ya 20 wataalamu walijaribu kulitatua tatizo hili, maadam ndovu wa savana wa Afrika kwa kawaida humzidi yule wa Asia kwa kimo. Wakasema ndovu wa Ptolemy walikuwa wa aina ya msituni, walio wadogo. Maelezo hayo yalipendeza kwa sababu yalimnusuru mwandishi wa kale. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu ndovu waliosalia katika eneo la Gash-Barka, Eritrea, ulionyesha kwamba hao ni ndovu wa savana. Yamkini waliokamatwa zamani walikuwa wachanga, au uchache wao ndio uliowavunja moyo. Lolote liwalo, hoja ya ndovu wa msituni imepoteza nguzo yake.

Je, uigizaji unaweza kusaidia? Mfano unaotajwa mno ni wa safari ya Hannibal, aliyeivuka milima ya Alps mwaka wa 218 KK akiwa na ndovu 37. Mnamo 1935 Mmarekani Richard Halliburton alipita Great St Bernard akiwa juu ya ndovu mmoja. Mwaka wa 1959 Mwingereza John Hoyte na wenzake walimchukua Jumbo, ndovu jike kutoka bustani ya wanyama ya Turin, wakajaribu njia ya Col de Clapier. Mawe yaliyoporomoka yaliwazuia, wakageukia Mont Cenis na kushuka salama hadi Susa. Safari hiyo si mzaha. Ilidhihirisha kwamba ndovu anaweza kupanda na kushuka mteremko wa mlima iwapo ataongozwa kwa subira.

Lakini Jumbo alikuwa ndovu wa Asia, alikuwa peke yake, na alisafiri majira ya kiangazi bila adui kumvurumishia mawe kutoka juu. Theluji iliyolikuta jeshi la Hannibal haikuwepo. Uigizaji basi huweza kuipima njia, si hofu. Na Raphia haiwezi kuigizwa kamwe, kwani hakuna mtu mwenye utu atakayewafumanisha ndovu wachomane ili kuhakiki kifungu cha Kigiriki. Kinachosalia ni matini.

Matini hizo pia zina mengi ya kumvutia mwanafunzi wa lugha. Warumi walipowaona ndovu wa Pyrrhus kwa mara ya kwanza mwaka wa 280 KK huko Heraclea, hawakuwa na jina la mnyama huyo, wakamwita ng'ombe wa Lucania, eneo walikokutana naye. Wagiriki nao walimwita mwendesha ndovu "Mhindi", hata alipowaongoza ndovu wa Carthage, mji wa Afrika ya Kaskazini. Huu ni upanuzi wa maana wa kawaida kabisa, ila umewapotosha baadhi ya wasomaji wakadhani kila aliyeitwa hivyo alitoka Bara Hindi.

Tena Polybius si sauti pekee kuhusu Raphia. Yeye anasema kwamba Ptolemy alishinda vita, lakini ndovu wake 16 waliuawa na wengi wa waliobaki wakatekwa. Amri ya makuhani wa Misri ya mwaka uo huo, iliyochongwa kwenye jiwe lililopatikana Pithom, inamsifu Ptolemy kwamba ndiye aliyewateka ndovu wa adui. Makuhani walikuwa wakimtukuza mfalme wao, na sifa zao hazina budi kusomwa hivyo. Polybius naye hamsifu Ptolemy IV, anamchora kama mtawala mzembe na mpenda anasa. Kila mmoja aliwahitaji ndovu hao kwa hadithi yake.