Azimio la Cheo

Swali: Mimi ni afisa wa mifugo, Kaunti ya Isiolo. Kila Januari naazimia kupanda cheo. Desemba hunikuta palepale. Nifanyeje?

Jibu: Cheo hutolewa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, si wewe. Azimia lililo mikononi mwako, yaani kujifunza kuongoza: mwachie msaidizi wako aendeshe kikao cha wafugaji kule Merti, nawe ukae nyuma, unyamaze (hapo ndipo wengi hushindwa).

Halafu tazama kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makadirio ya bajeti hutakiwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Ukitaka kozi ya uongozi katika Kenya School of Government, ombi limfikie mkuu wako Februari, kabla makadirio hayajafungwa, kwa maandishi, gharama ikiwa imetajwa.