SOMO: MSTAAFU NA UJENZI WA GHALA LAKE

Watumishi wengi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima wafikapo umri wa miaka 60. Wengi wao hurejea shambani, na kiinua mgongo ndicho mtaji wao wa mwisho. Ghala likijengwa vibaya, mstaafu hupata hasara mara mbili: fedha aliyoitumia na mavuno aliyoyahifadhi. Somo hili laeleza jinsi mwenye mali awezavyo kushiriki katika ujenzi ili hasara hiyo isimfike.

1. Ukubwa
Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mstaafu wa Moshono avunaye magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100, yaani tani 2. Yakipangwa manne manne kwa tabaka tano juu ya chaga za mbao, huenea katika chumba cha mita 3 kwa 4, na nafasi ya kupita hubaki. Kujenga ghala la magunia 200 kwa kutafuta sifa ni kuizika fedha.

2. Mgawanyo wa kazi
Kuinua boriti na kupanda juu ya paa ni kazi ya fundi na vijana, wakiwemo majirani waitikiao msaragambo. Msaada wa mstaafu ulio bora ni huu:
(a) kuandika mapatano na fundi mbele ya mashahidi, na kulipa kwa hatua, kila hatua ikisha kukaguliwa;
(b) kuandika daftarini kila ubao, bati na mfuko wa saruji unaoingia na unaotumika;
(c) kupaka nguzo dawa ya mchwa kabla hazijasimikwa.

3. Ukaguzi
Fundi aelezwe tangu mwanzo kwamba sakafu itabeba tani 2. Sakafu iinuliwe kiasi cha mita moja, na kila nguzo ivikwe kizuizi cha bati dhidi ya panya. Ngazi isiachwe imeegemezwa. Paa lizidi kuta, kwani mvua za masika, Machi hadi Mei, hupiga ubavuni.

4. Nafaka yenyewe
Ghala jema haliponyi nafaka mbichi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, itokanayo na ukungu. Kipimo rahisi ni hiki: mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu yenye kifuniko, hutikiswa, kisha huachwa dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi yaanikwe tena.

Adui mwingine ni dumuzi, aitwaye pia Skania, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutoboa hata mbao. Kwa hiyo kabla ya kila mavuno ghala lifagiliwe, masalia yachomwe, na mahindi yapukuchuliwe na kuchanganywa na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi
1. Kwa nini fundi asilipwe fedha yote mwanzoni?
2. Kila mwanachama ataje mavuno yake. Je, ghala lake lalingana nayo?
3. Chama chaweza kuwasaidia vipi wazee wasio na vijana nyumbani?