Kabla Pesa Hazijaingia: Jinsi Meinifremu Inavyopimia Faili Yako Nafasi

Ni mwisho wa mwezi. Mhasibu ametuma faili ya mishahara benki, na skrini inasema imefika. Baadaye simu zinaanza kulia: wengine wamelipwa, wengine bado. Pesa zipo, mtandao uko sawa. Sasa shida iko wapi? Pahali pamoja pa kuangalia ni jinsi faili ilivyopokelewa kule ng'ambo.

Kwenye laptopu yako, faili inakua tu kadiri unavyoiandika. Meinifremu, zile kompyuta kubwa ambazo benki nyingi kubwa duniani hutumia kuweka hesabu, zina utaratibu mwingine. Kwenye mfumo wa z/OS wa IBM, ambao ukoo wake unaanzia System/360 ya mwaka 1964, faili ya kawaida ya kupokelea hupimiwa kwanza, ndipo data iingie. Ni kama kushona sare: fundi asipopewa vipimo, atashona saizi yake ya kawaida. Ikikubana, ni juu yako.

Programu ya kuhamisha faili, kama FTP, ndiyo huyo fundi. Hebu tuone inachopima.

1. Jina

Jina la faili haliwezi kuzidi herufi 44. Linagawanywa kwa nukta, na kila kipande kina mwisho wa herufi 8. Kwa hivyo "mishahara ya mwezi wa tatu.csv" haitakubalika hivyo ilivyo. Uliza benki jina linalotakiwa.

2. Urefu wa rekodi

Kila mstari wa faili yako unageuka kuwa rekodi moja. Usiposema chochote, seva inatumia vipimo vyake. Vile FTP ya z/OS inavyokuja kabla benki haijaibadilisha, ni rekodi za urefu unaobadilika, mwisho baiti 256. Kati ya hizo, 4 ni za kuandikia urefu wenyewe. Data inabakiwa na 252.

Tuseme mstari wako una herufi 300: jina, akaunti, tawi, maelezo, halafu nambari ya simu na kiasi mwishoni. Herufi 48 za mwisho hazina pa kukaa, na seva ikiwa imepangwa kukata, zinakatwa. Zinazopotea ni zile zile za kumlipa mtu! Mistari mifupi inapita salama, ndiyo maana wengine wanalipwa. Uhamisho nao unaweza kuisha vizuri tu, huku onyo likibaki kwenye ujumbe wa seva ambao hakuna aliyeusoma.

Dawa yake ni kutaja vipimo kabla ya kutuma. Kwenye FTP, amri ya SITE hufanya kazi hiyo: RECFM ni umbo la rekodi, LRECL ni urefu wake.

3. Nafasi kwenye diski

Nafasi inaombwa kwa traki au silinda; silinda moja ya diski aina ya 3390 ina traki 15. Unaomba fungu la kwanza, na fungu la nyongeza likijaa. Faili ya kawaida hupata mafungu 16 pekee kwenye diski moja. Kwa hivyo ukiomba traki 10 na nyongeza ya 5, mwisho wako ni 10 + (15 × 5), yaani traki 85. Ikizidi hapo na hakuna diski nyingine iliyotengwa, uhamisho unakatika, na kulingana na mipangilio, faili nusu inaweza kubaki pale.

4. Faili ya zamani

Kama faili yenye jina hilo tayari iko, seva kwa kawaida huandika juu yake kwa vipimo vyake vya zamani. Umeongeza safu mpya mwezi huu? Vipimo ulivyotaja havitasaidia. Omba benki itengeneze faili upya.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

- Pima mstari wako mrefu zaidi, si wa kwanza.
- Ulizia benki umbo, urefu na nafasi, kisha vitaje unapotuma.
- Tuma faili ya maandishi kama maandishi. Ukiituma kama bainari, seva haitafsiri herufi wala haijali mstari unaishia wapi.
- Soma ujumbe wote wa seva, si ule wa mwisho pekee.
- Weka mstari wa mwisho wenye idadi ya watu na jumla ya pesa, na mkubaliane na benki kwamba hesabu zisipolingana, hakuna malipo yanayotoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mstari huo wa mwisho ndio daftari lako. Nusu faili ikifika, hesabu itakataa pale pale, na utaituma upya kabla mtu yeyote hajakosa kodi ya nyumba.