Somo la mwezi: Ukuta wa nyuma ya mbabula



Mara hii somo letu linatoka shambani na kuingia jikoni. Sababu iko hivi: katika nyumba nyingi za Bunia, na za vijiji vya Irumu na Djugu, jiko na depo ya mavuno vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Upande huu mama anapika maharagwe masaa matatu, upande ule magunia ya mbegu yameegemea ukuta ule ule. Siku ukuta ukishika moto, nyumba inaenda pamoja na mbegu ya msimu. Na hata usiposhika moto, joto la kila siku linaweza kuharibu mbegu polepole bila mtu kujua.

Kwa hiyo tuulize: nyuma ya mbabula tuweke kitu gani?

Joto linafanya nini kwenye ukuta

Mti haungoji kuguswa na ndimi za moto ndipo uwake. Ukikaa karibu na joto kali kwa miezi, unakauka sana, unageuka kahawia, kisha mweusi, na kila siku unazidi kuwa rahisi kushika moto. Angalia ukuta wako wa miti na udongo: pale udongo ulipobanduka, fito na matete vimeonekana. Ile ndiyo fasi moto unaingilia. Bashi ya plastiki ni mbaya zaidi, juu inalegea na kuyeyuka kwenye joto la zaidi kidogo ya digrii 100, nayo makala yanayowaka yanapita joto hilo mara nyingi.

Mbegu nayo ina mpaka wake. Mahindi ya mbegu hayapaswi kupita digrii 43 wakati wa kukaushwa, ukipita hapo uhai wa ndani unaanza kufa. Punje inabaki nzuri kwa macho, unga wake unapikwa vizuri, lakini shambani haioti. Mkulima analaumu mvua ao udongo, kumbe shida ilianzia jikoni.

Kanuni mbili: unene na hewa

Watu wengi wanachagua kitu kigumu ao chenye kung'aa. Lakini ugumu peke yake hauzuii joto. Bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao haliko kinga: linashika joto na kulipitisha mpaka kwenye mbao, na mbao inaungua kwa nyuma ambako huoni. Kinachozuia joto ni unene wa udongo ao tofali, na nafasi ya hewa inayopita nyuma ya kinga. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, hewa ya baridi inaingia chini, na ukuta unabaki salama.

Chaguo tatu

1. Udongo mnene. Unafaa ukuta wa miti na udongo, na bei yake ni nguvu ya mikono tu. Chukua ndoo 1 ya udongo wa kichuguu, ndoo 2 za mchanga, na nusu ndoo ya majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole. Changanya na maji, kanyaga vizuri, acha mpaka kesho yake. Lowesha ukuta kidogo, paka tabaka ya sentimita 1 ao 2, ngoja ikauke, kisha rudia mpaka ufike sentimita 5. Tabaka ya mwisho usitie majani. Kwanza jaribu kwenye fasi ndogo: ikipasuka sana, ongeza mchanga, ikibomoka ukiisugua, ongeza udongo.

2. Matofali ya kuchoma. Yanafaa ukuta wa mbao, na yanadumu miaka. Jenga kaukuta kadogo kanakosimama penyewe, na uache nafasi ya sentimita 3 mpaka 5 kati yake na ukuta wa nyumba. Acha matundu chini, na juu pabaki wazi. Karibu na moto unganisha matofali kwa udongo, si kwa simenti, kwa sababu simenti ikipata joto kali mara kwa mara inapasuka na kubanduka.

3. Bati lenye nafasi ya hewa. Hili ni kwa mwenye jiko dogo ao anayehama-hama. Simamisha vyuma viwili vya ujenzi ardhini, funga bati kwa waya, sentimita 3 ao zaidi mbele ya ukuta. Bati lisiguse ardhi wala dari.

Kwa zote tatu, kinga ipite upana wa mbabula kwa sentimita 50 kila upande, na ipande mita 1 juu ya sufuria.

Vitu vya kuepuka

– Karton, magunia, plastiki yenye maua na rangi ya mafuta: vyote vinawaka.
– Mawe yaliyotolewa sasa hivi kwenye mto, kama Shari: yana maji ndani, yakipashwa haraka yanaweza kupasuka na kuruka.
– Mabati ya kijivu ya asbesto kutoka majengo ya zamani: hayawaki, lakini vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta kansa. Usiyakate, usiyavunje.

Kwa wanaoishi chini ya bashi

Wanamemba wetu waliokimbia vijiji na kuishi kwenye site kama Kigonze hawawezi kujenga ukuta. Kwao kinga ya kwanza ni umbali. Pika nje, mita 1 ao zaidi mbali na bashi, na weka bati la kusimama upande ambao upepo unatokea. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2, wakati wa jua, ongeza umbali. Usilaze mbabula ndani ya hema hata kama makala yanaonekana yamezimika: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Mtihani wa kiganja

Pika kwa saa nzima, kisha nenda upande wa pili wa ukuta na uweke kiganja. Ukisikia ukuta una joto kuliko mwili wako, mbegu haina fasi pale. Mwili wako una digrii 37, kumbe umebakiza 6 tu kufika mpaka wa mbegu. Ongeza unene wa kinga, na hata ukuta ukiwa baridi, weka magunia juu ya kichanja, sentimita 50 kutoka ukutani. Hapo umeyakinga pia na unyevu na panya.

Maswali ya kujadiliana kwenye kikundi

1. Kati ya nyumba zetu, ni ngapi zina mbegu nyuma ya ukuta wa jiko?
2. Udongo mzuri wa kichuguu unapatikana wapi karibu nasi?
3. Tutaanza kusaidia nyumba ya nani, na siku gani?