SOMO LA BIASHARA: KWA NINI TETESI YA BEI HUTUPATA KWA URAHISI

Na Mwandishi Wetu, Ulemo

Bei ya alizeti hupanda na kushuka kwa sababu zinazofahamika: wingi wa mavuno, mahitaji ya mashine za kukamua, ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, na bei ya mawese katika soko la dunia. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Ulemo, wilayani Iramba, mara nyingi huuza au kununua kwa kufuata neno lililokuja na lori, simu ya dalali, au ujumbe uliozunguka katika kundi la WhatsApp. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini akili ya binadamu, hata ya mtu mzoefu wa soko, huyapokea maneno hayo haraka, na mambo ya kufanya kabla ya kutoa fedha mfukoni.

1. NENO LIKIRUDIWA HUONEKANA KWELI

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika biashara methali hii imewagharimu wengi. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi mbalimbali, za kweli na za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kila kikao, hata zile za uongo. Utafiti wa Fazio na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata mwenye elimu ya jambo husika hakingiki kikamilifu.

Sokoni mambo huwa hivi: dalali mmoja anawaambia watu watano kwamba gunia litapanda. Wote watano wanakuletea habari hiyo kwa nyakati tofauti. Wewe unahesabu mashahidi watano, kumbe chanzo ni kimoja, naye huenda ana mzigo anaotaka kuuza.

2. KUFUATA WENGI

Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu lisilo sahihi. Karibu theluthi moja ya majibu ya waliojaribiwa yalifuata kosa la wengi. Jambo la kuzingatia ni kwamba alipokuwepo mtu mmoja tu aliyesema kweli, idadi ya waliofuata wengi ilipungua sana.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye msimamo wake ni mali. Mtafute na umsikilize kabla hujapakia gari.

3. UCHUNGU WA KUACHWA NYUMA

Kahneman na Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza sh. 10,000 huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Anayeona jirani akipokea faida huanza kujiona yeye mwenyewe anapata hasara, ingawa hajapoteza hata senti.

Hapo ndipo DECI ilipopita. Watu walialikwa "kupanda mbegu" ya fedha na kusubiri "kuvuna" kiasi kikubwa zaidi. Viongozi wake walikuwa wachungaji, hivyo imani ya watu ilikwishajengwa kabla ya swali lolote la hesabu. Tena waliotangulia walilipwa kweli. Ushahidi wa macho ulikuwepo, ila fedha zile zilitoka kwa waliokuja nyuma, si katika biashara yoyote. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wanne kwa kuendesha upatu.

Kenya nayo ilipata somo lake la kware. Mwaka 2013 yalienea maneno kwamba mayai ya kware yanatibu magonjwa mengi. Bei ya yai moja ikapanda mara nyingi zaidi ya yai la kuku, watu wakakimbilia kufuga. Mwaka 2014 mayai yalijaa, wanunuzi wakapungua, bei ikaanguka. Walioingia mwisho ndio waliobaki na ndege.

4. KUMUULIZA ANAYEKUBALIANA NAWE

Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwataka wagundue kanuni yake kwa kujaribu namba nyingine. Wengi walidhani ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa sawa, wakaridhika. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hawakujaribu mfano ambao ungewaonyesha kosa lao.

Mwenye magunia ghalani hufanya vivyo hivyo. Huwauliza wenzake wenye magunia, nao wote husema bei itapanda. Aulizwe pia mwenye mashine ya kukamua: leo ananunua kwa bei gani, na mafuta yake yanatoka?

5. HABARI YA KWELI ILIYOCHACHA

Si kila tetesi huanza na uongo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilikwamisha mafuta ya alizeti, na Indonesia ilizuia mawese yake kutoka nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Bei zilipaa. Lakini kuanzia Juni mwaka huo bei ya mawese duniani iliteremka kwa kasi. Aliyesikia habari ya Aprili na kuitumia kuweka mzigo miezi kadhaa baadaye alikuwa na habari ya kweli isiyofaa tena. Tarehe ya habari ni sehemu ya habari.

HESABU YA KUJIPIMA

Tuchukue mfano. Una magunia 20 na leo mnunuzi anatoa sh. 45,000 kwa gunia. Tetesi inasema mwezi ujao litafika sh. 55,000. Ikiwa kweli, utaongeza sh. 200,000. Ikiwa uongo na bei ikashuka hadi sh. 30,000, utapoteza sh. 300,000. Ili kusubiri kulipe, tetesi hiyo lazima iwe kweli zaidi ya mara 6 katika kila 10, mbali na gharama za ghala na panya. Je, aliyekuletea habari amewahi kupatia mara 6 kati ya 10?

Swali hilo halijibiki kwa kumbukumbu, kwani tunakumbuka zaidi tetesi zilizotimia. Hivyo basi, msomaji anashauriwa:

(a) Afungue ukurasa wa tetesi katika daftari lake: tarehe, aliyesema, alichosema na kilichotokea.

(b) Aulize chanzo cha kwanza ni nani, na ana mzigo au hana.

(c) Apige simu katika soko jingine, kwa mfano Singida mjini au Shelui, kabla ya kuamua.

(d) Asiuze wala kuweka mzigo wote kwa neno moja. Nusu kwa nusu hupunguza maumivu.

(e) Akiahidiwa faida ya fedha, aulize Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama mwalikaji ana leseni. Akiambiwa hakuna muda wa kuuliza, hilo peke yake ni jibu.