Ndege Wapitao Juu ya Mashamba Yetu Wakati wa Masika



Kila mwaka, tangu Februari hata mwanzo wa Mei, ndege wengi sana hupita juu ya mashamba ya Meru, Tharaka, Embu na Mbeere wakielekea kaskazini. Labda umewaona, ukainua uso kidogo, kisha ukaendelea kupalilia. Katika somo la mwezi huu twataka uwajue mmoja mmoja, maana mkulima asiyewajua huweza kumwua mfanyakazi wake akidhani amemwua mwizi.

Ndege hawa hawazaliwi hapa. Hutaga na kulea makinda Ulaya, Urusi na Asia, wakati wa joto la huko. Baridi inapoingia wadudu hutoweka, nao hufunga safari kuja Afrika. Hutufikia tangu Septemba hata Desemba, pamoja na mvua za vuli, na wengine huendelea mpaka Afrika ya Kusini. Masika yanapokaribia hugeuka na kurudi walikotoka. Sisi tulio upande wa mashariki wa Mlima Kenya tuna mvua mara mbili kwa mwaka, na ndege hawa huzipata zote mbili.

Huenda ukauliza: ndege aliyeko Meru, mahali ambapo mstari wa Ikweta wapita na mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, ajuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika? Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwafungia ndege wadogo wa safari katika vyumba ambamo urefu wa mchana haukubadilika hata kidogo. Mwezi wa safari ulipofika, ndege wale walianza kunenepa na kurukaruka usiku kana kwamba wanataka kwenda. Basi saa yao wanayo ndani ya mwili.

Katika hao wa mbali, wa mapema kuondoka ni korongo mweupe. Mbawa zake ni nyeusi upande wa nyuma, mdomo na miguu ni mirefu na myekundu. Mbawa zikitandazwa hufika mita 2. Usimchanganye na yangeyange, ambaye ni mdogo, ni mweupe karibu mwili wote, na hukaa nasi akifuata ng'ombe. Korongo ni mzito, kilo 3 au 4, naye hapendi kupiga mbawa. Hungoja jua lipashe ardhi moto, kisha hupanda pamoja na hewa ya joto akizunguka polepole mpaka awe juu sana, halafu huteleza kwenda mbele. Ndiyo maana ukimtafuta alfajiri humwoni angani; mtafute saa nne au saa tano za asubuhi. Juu ya bahari hewa hiyo hakuna, kwa hiyo hushika njia ya nchi kavu: Sudani, bonde la mto Nile, Sinai, na kuendelea mpaka Uturuki na Ulaya.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi. Wengine walisema hujificha katika matope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo aliyekuwa na mshale umepenya shingoni, urefu wake karibu sentimita 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Ndege huyo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock hata leo. Kwa hiyo habari ile ilipelekwa Ulaya na mwindaji wa Kiafrika, ambaye bila shaka aliona tu kwamba kitoweo chake kimemponyoka.

Chakula cha korongo ni panzi, nzige, viwavijeshi, na panya akimpata. Kundi likitua katika malisho yenye viwavijeshi hutembea kwa safu kama watu wavunao, na kila hatua mdomo wachota. Lakini tusizidishe sifa. Yule kiwavi mgeni aliyeingia Kenya mwaka 2017, ambaye hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi, korongo hamfikii kwa urahisi. Huyo yakupasa kumtafuta mwenyewe kwa kukagua mahindi yako mapema. Vilevile nzige wa jangwani walioingia nchini mwisho wa Desemba 2019 walikuwa wengi mno hata ndege wote wa Afrika wasingewamaliza. Ndege husaidia wadudu wanapokuwa wachache, wasiongezeke. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo si ndogo.

Sasa sikiliza jambo lililotokea Argentina. Kuna mwewe ambao huzaa Marekani na Kanada, na wakati wa baridi huenda Argentina kula panzi mashambani, kama korongo wajavyo kwetu. Katika msimu wa 1995 na 1996 wakulima wa huko walipulizia panzi dawa kali iitwayo monokrotofosi. Mwewe walifuata panzi wale, wakala, wakaanguka. Maelfu ya mizoga iliokotwa katika mashamba, na ilikadiriwa kwamba waliokufa walikuwa 20,000 hivi. Wakulima wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuokoa mazao yao, nao wakawaua waliokuwa wakiwasaidia kazi hiyo hiyo. Baadaye wenye mashamba, serikali na wenye viwanda walikutana, dawa ile ikaondolewa, na vifo vya namna ile vikapungua sana.

Nasi tusijione tuko mbali na mambo hayo. Katika Kenya imetokea watu kuchukua dawa ya wadudu ya rangi ya zambarau, Furadan, na kuitia katika chambo ili kuua ndege wa kuuza au wanyama wakali. Mwaka 2009 mtengenezaji wake aliiondoa katika soko letu kwa sababu ya matumizi hayo. Ukiletewa ndege mnono kwa bei rahisi na hana alama ya mtego wala jiwe, usimpeleke jikoni. Sumu iliyomwua haiishi kwa kuchemshwa.

Mwezi wa Machi na Aprili hupita keremkerem wa Ulaya. Mgongo wake ni wa hudhurungi, koo ni la manjano, tumbo ni la buluu. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, maana kundi hupita juu likiitana kwa sauti laini ya kuviringa. Wafugaji nyuki wa Mbeere na Tharaka hawampendi, na hatuwezi kusema wanamsingizia. Hula nyuki kweli: humkamata angani, humpeleka tawini, humpigapiga na kumsugua mpaka mwiba utoke, kisha humeza. Lakini hula pia nyigu, mavu, kerengende na kumbikumbi, na wale wa safari hukaa siku chache tu wakaenda zao. Mzinga wenye nyuki wengi hauharibiwi na wageni wa namna hiyo. Mzinga ukiwa dhaifu, tazama kwanza siafu, ukame na uhaba wa maua kabla ya kumshtaki ndege.

Mbayuwayu wa Ulaya ana koo na paji la rangi ya matofali, ukanda mweusi kifuani, na mkia wenye panda mbili ndefu. Uzito wake ni gramu 20 hivi, hata barua yako ni nzito kama yeye. Wale wajengao nyumba za udongo chini ya paa lako ni jamaa zake wa hapa. Yeye wa safari hajengi kwetu kabisa. Mwezi wa Aprili utawaona wamejipanga juu ya nyaya, leo mia, kesho hapana hata mmoja. Kabla ya kwenda hula sana, maana mbele yao liko jangwa. Kuna ndege wadogo wa safari ambao hunenepa mpaka uzito wao ukaribia kuwa maradufu.

Wa mwisho ni kozi wa Amur, wadogo, dume wa kijivu na manyoya mekundu mapajani. Huzaa mashariki ya Siberia na kaskazini ya Uchina. Katika kuja hupitia India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua. Huko Nagaland katika India walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu. Mwaka 2012 habari hiyo ilienea duniani, na mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe waliacha. Kwetu huonekana mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, makundi makundi, mahali penye kumbikumbi.

Sasa tumfikie yule ambaye mkulima wa skimu humwota usiku, yaani kwelea. Huyu si mgeni wa Ulaya. Ni ndege wa Afrika ahamaye kufuata mvua na mbegu za majani. Ni mdogo kama shomoro, na kwa kawaida mdomo wake ni mwekundu na mnene. Mbegu za mwituni zinapokwisha ndipo aingiapo katika mtama, uwele, ngano na mpunga. Kwelea mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe ya kundi la laki moja. Mwenye mpunga Mwea, ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Embu na sasa ni Kaunti ya Kirinyaga, hahitaji kufundishwa hasara hiyo, wala mama wa Tharaka akaaye juu ya dungu na kombeo tangu mapambazuko.

Kuamia ndege bado ni njia njema, hasa nafaka inapokuwa na maziwa. Majirani wakipanda kwa wakati mmoja ndege hugawanyika, na hakuna shamba moja libebalo mzigo wote. Ukiona mahali walalapo, katika mafunjo au miiba, mwarifu Bwana Shamba upesi. Usijaribu kupulizia mwenyewe. Dawa itumiwayo na serikali, fenthioni, ni sumu kwa watu pia, na bundi au mwewe alaye kwelea aliyepuliziwa hufa naye. Watoto wasiokote ndege walioanguka baada ya kupuliziwa dawa.

Watu wanaohesabu ndege ni wachache na nchi ni pana, kwa hiyo macho yako yana thamani. Ramani ya Ndege wa Kenya imegawanya nchi yote katika miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi, na mtu yeyote anayejua ndege aweza kuandika aliowaona katika mraba wake. Ukiwaona wa safari, andika katika daftari tarehe, saa, mahali, idadi kwa kukisia, wanaelekea wapi, na wanakula nini. Usiandike usichokiona. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kukusaidia kazi hiyo. Andika pia siku usiyowaona, kwa kuwa korongo wakichelewa mwaka mmoja, wataalamu watataka kujua walichelewa wapi.

Na ukimpata ndege aliyekufa mwenye pete ya madini mguuni, hiyo si hirizi. Kazi ya kuwavisha ndege pete zenye nambari ilianzishwa mwaka 1899 na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, na hapa Kenya ndege wengi wa safari wamevishwa pete Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu 1969. Nakili maandishi yote yaliyo juu ya pete, herufi na nambari, pamoja na tarehe na mahali, uyapeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au umpe Bwana Shamba ayapeleke. Ndege akiwa hai, soma nambari, usiivue pete, kisha mwachie aende.